Herufi Zinazosafiri na Ukurasa

Ukurasa wa tovuti unapoingia kwenye simu ya msomaji, hauji na maumbo ya herufi. Unakuja na namba. Kila herufi ya neno Ilala ina namba yake katika orodha ya Unicode, na simu ikishazipokea namba hizo huzitafutia maumbo katika fonti ambazo tayari inazo. Simu za Android aghalabu huchora kwa Roboto; kompyuta za Windows mara nyingi kwa Arial. Mtu mzima anayepitia habari za asubuhi hana sababu ya kujali.

Mtoto wa darasa la kwanza anayo. Liandike neno Ilala kwa Arial, kisha ulitazame kwa macho yake: mwanzoni kuna vijiti viwili vilivyosimama bega kwa bega, vya kimo kimoja, wala hakuna kinachomwonyesha kuwa cha kwanza ni I kubwa na cha pili ni l ndogo. Halafu kuna a. Ubaoni mwalimu ameichora duara lenye mguu upande wa kulia. Katika Roboto na Arial inamjia na kichwa kilichojikunja juu ya tumbo, umbo ambalo hajafundishwa kuliandika.

Ipo fonti iliyoundwa kwa kumfikiria yeye. Inaitwa Andika, nayo ni kazi ya SIL, shirika ambalo kwa miaka mingi limeshughulika na maandishi ya lugha za dunia, zikiwemo zile zenye wasemaji wachache. Wabunifu wake walishikilia kwamba herufi isifanane na jirani yake kiasi cha kumpoteza anayeanza kusoma. a na g zake ni zile za ubaoni. Inatolewa bure chini ya leseni ya OFL, ambayo SIL wenyewe waliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Ila haimo ndani ya simu ya mtoto huyo. Lazima isafiri pamoja na ukurasa, ipite kwenye bando la mzazi, ifike kabla subira haijaisha, na ikubaliwe na kivinjari chochote kitakachofunguliwa. Kazi hiyo ya kuisafirisha ndiyo niliyokwenda kuitazama jijini Nairobi, mezani pa fundi anayetunza tovuti ya hadithi za watoto za Kiswahili na Kikuyu.

Hakuanza na fonti. Alianza na hadithi. Alizikusanya zote katika faili moja la maandishi, akaendesha programu fupi aliyoiandika mwenyewe, inayohesabu kila alama iliyotumika na kuonyesha namba yake ya Unicode. Orodha ikashuka kwenye skrini: a juu kabisa, kama mtu angetarajia katika Kiswahili, kisha i, kisha nyingine zote, hadi zile zinazoonekana mara chache tu katika maktaba nzima. Nilidhani angeiangalia kwa haraka na kuendelea. Akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikiwa kwenye skrini.

Kidole kilisimama penye ritifaa, ile alama inayoitofautisha ng ya ng'ombe na ng ya ngoma. Katika orodha haikuwa moja. Mwandishi mmoja alitumia kebodi ya kompyuta akapata ritifaa iliyonyooka, U+0027. Mwingine aliandika katika programu inayopindisha alama yenyewe, ikatoka U+2019, yenye umbo la mkato ulioinuliwa. Wa tatu aliandika kwa simu akachagua U+2018, inayotazama upande usio wake. Na katika hadithi moja ilikuwamo U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi kamili na si alama ya uandishi. Kwa jicho la msomaji hizo nne zinakaribia kuwa kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu vinne, na ng'ombe anayetafutwa kwa mojawapo hapatikani katika hadithi zilizotumia nyingine.

Hatari ya upande wa fonti ni kubwa zaidi. Kivinjari hakikatai kuchora alama ambayo fonti haina. Kinaiazima kwenye fonti nyingine iliyo karibu. Ukiikata Andika ukabakisha ritifaa moja tu, basi ng itatoka Andika, ombe itatoka Andika, na katikati patasimama alama ya Roboto, nyembamba au nene kuliko wenzake, imekaa juu au chini kidogo ya pale inapopaswa. Watu wengi wataona neno lina kasoro wasijue ni ipi.

Fundi alichagua U+2019 iwe ritifaa ya tovuti nzima, akasahihisha hadithi zote, na kisanduku cha kutafutia akakifundisha kuzichukua zote nne kama moja. Lakini ndani ya fonti alizibakisha zote. Nilimwuliza kama hayo maumbo matatu si uzito wa bure.

“Kaka, mwandishi akiniletea hadithi usiku nami nimelala, sitaki neno lake livunjike mpaka niamke,” alisema.

Kwa moyo huo huo alizibakisha q na x, ingawa Kiswahili hakizitumii, kwa sababu majina ya watu na ya mahali hayaulizi alfabeti ya lugha. Aliongeza tarakimu zote, alama za nukuu za aina zote, kistari kirefu na kifupi, na ile nafasi isiyokatika ambayo macho hayaioni lakini huzuia namba na kipimo chake visitenganishwe mwisho wa mstari. Kwa Kikuyu aliandika ĩ na ũ, ndogo na kubwa. Orodha iliyokamilika haikujaza hata ukurasa mmoja wa daftari.

Ndipo akaigusa fonti. Andika kamili ina maelfu ya maumbo: herufi za Kilatini zenye alama za kila namna, za Kisirili, na alama za kifonetiki za wanaisimu. Utajiri huo ni wa lazima kwa anayechapa kamusi. Kwa mzazi anayefungua hadithi moja ya kurasa kumi ni mzigo atakaoulipia bila kuutumia. Chombo cha kuikatia kinaitwa pyftsubset, kimo ndani ya fontTools, mkusanyiko wa programu ulioanzishwa na Just van Rossum na kuendelezwa na wengi baada yake. Hakina madirisha wala vitufe. Unakiandikia amri moja ndefu: fonti ni hii, namba za kubakisha ni hizi, kanuni za kubakisha ni hizi, toa faili la aina hii. Fundi aliiandika amri hiyo polepole katika faili ili iweze kurudiwa, na juu ya kila kundi la namba akaweka maelezo ya sababu yake.

Amri yenyewe ilikwisha kabla sijavuta pumzi ya pili. Kilichochukua muda ni ukaguzi. Kwa programu ya ttx aliigeuza fonti iliyokatwa kuwa maandishi yanayosomeka, akapitia majina ya maumbo yaliyobaki. Alinionyesha moja ambalo hakuliomba: i isiyo na nukta. Hakuna mwandishi wa Kikuyu anayeiandika i hiyo. Lakini ĩ ndani ya fonti haikuchorwa kama umbo moja. Imeungwa kwa i isiyo na nukta na kiwimbi kilichowekwa juu yake, na pyftsubset hufuata viungo vya namna hiyo kabla ya kukata. Kinauliza kila umbo linalobaki: unategemea nani? Kinayabakisha na yale yanayotegemewa. Fundi anajua kwamba chombo hufanya hivyo, na bado anakwenda kuhakikisha kwa macho yake. Hilo lilinigusa kuliko amri yenyewe.

Kabla ya kuendelea alibadilisha jina la fonti. OFL inamruhusu mtu yeyote kuitumia fonti, kuikata, kuibadilisha na kuisambaza, ila mbuni anaweza kuhifadhi jina lake, na toleo lililobadilishwa haliruhusiwi kulibeba jina lililohifadhiwa. Faili la leseni lililokuja na toleo alilopakua lilihifadhi majina mawili, Andika na SIL. Kukata ni kubadilisha. Kwa hiyo ndani ya faili jipya aliweka jina la tovuti yake, akaacha taarifa ya hakimiliki na leseni kama zilivyokuwa. Hakuna msomaji atakayeifungua fonti kusoma jina lililomo. Mbuni wa herufi amefanya kazi ya miaka na kuitoa bure kwa sharti moja dogo, na fundi huyu alilitimiza kwa uangalifu ule ule alioupa ritifaa.

Faili lilitoka likiwa na kiishio cha woff2. Ili kuelewa kwa nini kiishio hicho kimoja kinatosha leo, inafaa kukumbuka mafundi waliotangulia walikopita. Mwaka 1997 Microsoft waliiwezesha Internet Explorer 4 kupokea fonti kupitia aina ya faili iitwayo EOT. Netscape nao walikuwa na njia yao, TrueDoc ya kampuni ya Bitstream, na hao wawili hawakusikilizana. Katika CSS, lugha inayopanga mwonekano wa kurasa, sharti liitwalo @font-face, ambalo ndilo hukiambia kivinjari fonti iko wapi, liliandikwa katika CSS2 mwaka 1998, kisha likaondolewa katika CSS 2.1. Kwa miaka kumi hivi wabunifu wa tovuti waliishi na fonti chache zilizokuwamo katika kompyuta nyingi, na bahati yao ilikuwa kwamba miongoni mwake zilikuwamo Verdana na Georgia, ambazo Matthew Carter alizichora kwa ajili ya Microsoft akiifikiria skrini tangu mwanzo. Aliyetaka kichwa cha habari chenye herufi nyingine alikichora kama picha, na picha haisomwi na mashine inayomsomea asiyeona.

Mwaka 2007 Håkon Wium Lie, mmoja wa waasisi wa CSS, alijitokeza kuhimiza vivinjari vipokee faili za kawaida za fonti moja kwa moja. Safari 3.1 ikafungua mlango Machi 2008, Firefox 3.5 ikafuata Juni 2009, kisha Opera na Chrome. Lakini mlango haukuwa mmoja. Internet Explorer bado ilitaka EOT, iPhone za awali zilitaka fonti za SVG, vingine vilitaka TrueType. Fonti moja, mafaili kadhaa, na yote yatajwe kwa mpangilio ambao hakuna kivinjari kitakachoukwaa.

Fundi alinifungulia faili la zamani la CSS alilolihifadhi tangu siku hizo. Baada ya kiishio cha eot palikuwa na alama ya kuuliza, alama ya reli, na neno iefix. Nimeona mstari huo katika tovuti nyingi bila kuujua maana. Internet Explorer za kabla ya 9, zikikuta mafaili kadhaa yametajwa pamoja, zilikuwa na kosa la kusoma: zilichukua kila kitu kuanzia mabano ya kwanza yanayofunguka hadi mabano ya mwisho yanayofunga, zikadhani hiyo yote ni anwani ya faili moja, zikaenda kuomba kitu kisichokuwapo. Alama ya kuuliza iliziponya. Katika anwani, kinachofuata alama ya kuuliza ni maswali kwa seva. Basi kivinjari kikaomba faili la eot na kuyahesabu mengine yote kuwa swali. Vivinjari vingine viliusoma mstari huo huo sawasawa na kuchukua mafaili yao. Alama moja iliyokiokoa kivinjari chenye kosa bila kuviudhi visivyo na kosa: hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa muda mrefu akisikiliza jinsi mashine inavyokosea. Waliouboresha mstari huo walikuwa wengi, Paul Irish mwaka 2009 akiwa mmoja wao, na umbo nililoonyeshwa lilitoka kwa watu wa Fontspring mwaka 2011.

Suluhu ya kudumu ilikuja na WOFF, iliyopendekezwa na Jonathan Kew wa Mozilla pamoja na wabunifu wa herufi Tal Leming na Erik van Blokland. Ni fonti ya kawaida iliyobanwa na kuwekwa katika kifuko kilichoshonwa kwa ajili ya tovuti. W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, waliipitisha rasmi Desemba 2012. WOFF2, inayobana kwa njia iitwayo Brotli na kutoa faili dogo zaidi, ilipitishwa Machi 2018, na vivinjari vyote vikubwa vya leo vinaisoma. Fundi alifuta mistari mitano ya zamani akabakisha mmoja. Alifanya hivyo bila masikitiko, ingawa mstari wenye alama ya kuuliza aliuacha katika faili la kumbukumbu.

Sasa tangazo lenyewe. @font-face ni maneno machache: jina utakaloiitia fonti, mahali ilipo, uzito wake, kama imelala au imesimama. Alitangaza mbili, ya kawaida na nzito. Nikamwuliza kwa nini asipeleke moja tu, kwa kuwa kivinjari kinaweza kuzikoleza herufi chenyewe. Akaifuta nzito kwa muda, akakuza kichwa cha hadithi hadi neno moja likajaza skrini. Kivinjari kilikuwa kimechukua umbo la kawaida na kulipaka mara ya pili pembeni kidogo. Tumbo la e lilikuwa limezibwa nusu. Kisha akairudisha nzito ya kweli: mbunifu alikuwa amenenepesha miguu na papo hapo akapanua tumbo ili mwanga upite. Kwenye simu ya bei nafuu, herufi zikiwa ndogo, e iliyozibika na c iliyojaa hazina tofauti kubwa. Mtoto asiyeijua bado e ndiye atakayeumia.

Faili aliliweka kwenye seva yake mwenyewe. Zamani watu walisema ni heri kutumia ghala la pamoja, kwa kuwa msomaji huenda ameshapakua fonti hiyo kupitia tovuti nyingine. Lakini vivinjari vikubwa sasa vinatenga akiba ya kila tovuti kwa sababu za faragha, Chrome ikiwa imeanza mwaka 2020, na faida hiyo imekwisha. Katika kichwa cha ukurasa aliandika agizo la kuileta fonti mapema, kabla kivinjari hakijamaliza kusoma CSS, akaongeza neno crossorigin. Neno hilo linaonekana halina kazi pale faili lilipo kwenye seva ile ile. Ukiliacha, kivinjari kitaipakua fonti mara mbili, maana fonti huombwa kwa utaratibu tofauti na picha, na maombi mawili yasiyofanana hayatambuliwi kuwa ya kitu kimoja. Alinionyesha orodha ya mafaili yaliyopakuliwa ikiwa na mstari huo na ikiwa hauna. Tofauti ilikuwa mstari mmoja wa ziada, na bando la mtu.

Kisha likaja swali ambalo alilikalia kuliko yote: msomaji aone nini fonti ikiwa bado njiani? Vivinjari vingi, vikiachwa vyenyewe, huficha maandishi kwa muda wa kama sekunde tatu vikingoja. Sifa ya CSS iitwayo font-display inakuruhusu kuamua. Ukiiambia swap, maandishi yanaonekana papo hapo kwa fonti ya simu, na Andika ikifika wakati wowote inachukua nafasi. Watu wengi huishia hapo, na kwa tovuti ya habari ni uamuzi mzuri. Fundi alipunguza kasi ya mtandao kwa makusudi kupitia zana za kivinjari, akafungua hadithi, akaanza kuisoma kwa sauti kama anavyosoma mtoto, silabi kwa silabi. Alipofika katikati ya sentensi ya pili fonti ikafika. Maneno yakaruka. Lile alilokuwa amelishika kwa kidole likahamia mstari wa chini.

Akaiondoa swap akaweka fallback. Kwa agizo hili kivinjari hungoja kitambo kifupi sana, kisha kinaonyesha maandishi kwa fonti ya simu, na Andika ikifika ndani ya sekunde tatu hivi inapokelewa. Ikichelewa zaidi, ukurasa huo unaachwa kama ulivyo, na fonti inawekwa akiba kwa ukurasa unaofuata. Mtoto aliyekwisha kuzama katika sentensi hasumbuliwi. Naona huo ni uamuzi bora kabisa kati ya yote niliyoyashuhudia mezani pake, kwa sababu aliufikia kwa kusoma kwa sauti.

Hata ndani ya sekunde hizo chache hakutaka maneno yaruke. Kila fonti ina vipimo vyake vya ndani: herufi zipande hadi wapi, zishuke hadi wapi, nafasi gani iwe kati ya mistari. Andika imeachiwa nafasi kubwa juu na chini kwa sababu hubeba herufi zenye alama zilizopandana. Umbali wa mistari aliufunga kwa kipimo chake katika CSS, usitegemee fonti yoyote. Ukabaki upana. Alitangaza fonti ya pili ambayo kwa kweli ni Roboto ya simu yenyewe, akaipa sifa ya size-adjust, inayokuza au kupunguza herufi kwa asilimia. Kisha akaiweka aya moja ya hadithi juu ya aya ile ile, ya chini kwa Andika nyekundu na ya juu kwa Roboto nyeusi inayopenyeza mwanga, akaanza kubadilisha asilimia. Anaongeza kidogo, anatazama, anapunguza nusu ya alichoongeza. Hakuna asilimia itakayolingana kwa kila neno. M za fonti mbili zikikubaliana, w zitagombana. Alichotafuta ni mahali mistari inapokatika. Ilipokatika pale pale katika aya zote alizozijaribu aliiacha, akaenda kurudia kazi hiyo hiyo kwa Arial.

Baada ya hapo alipita kivinjari kwa kivinjari. Chrome ina mahali, chini kabisa ya orodha ya mitindo ya kipengele, panapotaja fonti zilizotumika kweli kuchora maandishi na idadi ya maumbo yaliyotoka katika kila moja. Firefox nayo ina paneli yake ya fonti. Alizisoma kama fundi cherehani anayegeuza shati ndani nje kukagua mishono. Hadithi baada ya hadithi, maumbo yote yalitoka kwenye faili lake. Kisha katika moja likatokea umbo moja kutoka Roboto.

Kwa macho sikuliona. Yeye naye hakuliona mara moja. Alikata maandishi nusu, akakagua, akakata tena, mpaka akabaki na kichwa cha hadithi, na ndani yake neno lenye ng'. Mwandishi alikuwa ametumia alama ya mkazo, U+00B4, inayolala kama ritifaa iliyoinama. Hadithi hiyo iliingia baada ya orodha kukusanywa. Nilidhani angeiongeza katika fonti kama alivyoziongeza zile nne. Hakufanya hivyo. Alama ya mkazo si ritifaa, alisema, na kuipa nafasi kungeficha kosa la maandishi. Akasahihisha kichwa, kisha akaongeza kanuni katika programu inayopokea hadithi mpya ili alama hiyo ikiingia kati ya ng na irabu igeuzwe.

Kwenye Windows herufi zilitoka nyembamba kidogo kuliko kwenye Mac, kwa kuwa mifumo hiyo hailainishi kingo kwa njia moja, na hilo aliliacha. Kwenye Opera Mini, ambayo bado inapendwa na wanaobana data, Andika haikutokea kabisa: katika hali yake ya kubana zaidi, kurasa hutayarishwa kwenye seva za Opera na fonti za tovuti hazipelekwi. Alifungua hadithi nzima humo akaisoma mwanzo hadi mwisho kwa fonti ya simu, akitazama kama ukubwa wa herufi na umbali wa mistari aliouweka unamtosha mtoto ambaye hataiona Andika kamwe. Aliongeza ukubwa kidogo kwa ajili ya hao.

Nilipokuwa nikiaga, ilikuwa imeingia barua pepe yenye hadithi za Kidinka kutoka kwa walimu wa Kakuma. Kidinka kina ŋ na ɣ, na kina ɛ na ɔ zinazobeba nukta mbili juu. Unicode haina namba moja kwa ɛ̈ wala kwa ɔ̈; huandikwa kwa namba mbili, ya herufi na ya nukta zinazoifuata, na fonti ndiyo inayozikalisha nukta pahali pake. Andika inajua kufanya hivyo. Ile iliyokatwa haikuwa na herufi hizo wala nukta. Fundi alifikiria kuzitia katika faili lile lile, akakataa, maana wasomaji wa Kiswahili na Kikuyu wangezibeba bila kuzihitaji. Zingekaa katika faili lao, na sifa ya unicode-range ingekiambia kivinjari kililete pale tu herufi hizo zinapotokea. Ila herufi na nukta zake haziwezi kutenganishwa katika mafaili mawili, kwani kanuni ya kuzikalisha haivuki mpaka wa faili. Aliifungua tena ile amri ndefu, akainakili, akaweka maelezo ya Kidinka juu yake, na chini yake akaanza kuandika namba: U+014B, U+0263, U+025B, U+0254, U+0308.